Nyumba ya Ng'ombe Mahututi

Kabambare nzima ilikuwa imeshamcheka Léocadie, daktari wa mifugo, tangu alipoanza kuchora ardhini, kwa kamba na vijiti, nyumba ya ng'ombe mahututi: mlango mpana wa kupitisha mkokoteni, sakafu ya mchanga, boriti nene yenye kapi na mkanda wa magunia wa kumnyanyua mnyama aliyeanguka. "Na chandarua chake je?" walimtania.

Mama Cécilia ndiye aliyeufikisha utani huo sokoni. Sasa ng'ombe wake wa pekee, aliyezaa jana, alikuwa amelala chini ya boriti ileile, shingo imepinda, masikio ya baridi. Nyumba ilikuwa haijaisha; hata paa lilikuwa bado. Cécilia hakuwa na la kucheka.

Serumu ilikuwa ikishuka polepole mshipani, mkanda umeshapita tumboni. Lakini kila mara ng'ombe alipojikusanya ainuke, watu walimsogelea: majirani, wanakwaya, hata mke wa imamu na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwao mgonjwa huzungukwa; kumwacha peke yake ni kumtupa. Ng'ombe akatoa macho, akaanguka tena.

"Mama," Léocadie alisema kwa upole, "wageni niliwachorea mahali pao. Ile barza, nyuma ya ua wa matete. Kule wataona bila kumutisha. Ni watu wako, uwaambie wewe."

"Nifukuze watu waliokuja kunipa pole? Kesho nitasalimiana na nani?"

Léocadie aliinama. Alimfuta ng'ombe povu mdomoni. Cécilia akaliona povu lile, akageuka.

"Jamani, muende kwa barza."

"Ee, leo sisi tunanuka?" akauliza jirani yake aitwaye Binti.

"Munanuka maneno, dada. Mubebe sombe, mukulie kule. Nitakuja na habari ya harusi ya mpwa wangu Magloire, yote."

Kwa ajili ya habari hiyo, walikwenda.

Léocadie akavuta kamba kidogo, akangoja, akavuta tena. Boriti haikulia. Mchanga ulishika kwato. Hata ndama alikuwa amepangiwa kona yake, pale mama yake angemwona akiinua kichwa. Mwanamke huyu, Cécilia aliwaza, alimfikiria ng'ombe wangu kabla hajaugua.

Ng'ombe akatetemeka, akasimama kwa miguu yote minne.

Nyuma ya matete midomo ilishafunguka kwa vigelegele. Cécilia akawainulia kidole, na wanawake wa Kabambare, jambo ambalo halijawahi kuonekana, wakavimeza.