Maji ya Siku ya Kwanza ya Mwaka

Lai Kuen alikuwa amechoka, na si uchovu wa mtu aliyefanya kazi akalala ukamtoka. Ulikuwa ule wa kumgeuza mwanamume mzima kitandani mara nne kwa siku, kumlisha uji kwa kijiko, kumfuta mate, na kesho kuanza upya. Mumewe, Fook Seng, alipatwa na kiharusi miezi minane nyuma. Tangu hapo hakusema neno wala kumtazama mtu. Ukikaa mbele yake, macho yanakupita yanakwenda ukutani. Kuuguza hakuna Jumapili, jamani, na mama mkwe naye alikuwa humo humo ndani, miaka sabini na tisa, ana macho ya kuona vumbi kabla halijatua.

Habari ya samaki ilianzia kwa mtaalamu wa viungo wa hospitali pale mjini Ipoh. Alisema mgonjwa atafutiwe kitu kinachotembea polepole, huenda shingo ikakifuata. Kuen akaenda kwa mzee Thong, muuza samaki, akaomba kitanki kidogo cha kuweka juu ya meza, maana yeye hata kuku hajapata kufuga. Thong akakataa kumuuzia. Kidogo ni cha fundi, alimwambia; maji machache yakiharibika yanaharibika yote asubuhi moja, ila maji mengi humsamehe asiyejua. Akampa tanki refu kama kitanda na stendi ya chuma ya kulibeba.

Kisha akamnyima samaki. Wiki sita nzima tanki lilinguruma sebuleni na maji matupu, majirani wakipita mlangoni wanamuuliza kama maji yake yameanza kutaga. Thong alikuwa anangoja sponji za chujio zishike ute wa kahawia. Ute huo, alisema, ndio unaokula sumu ya uchafu wa samaki. Ukizidi, kamua sponji kidogo kwenye ndoo ya maji ya tanki lenyewe. Maji ya bomba marufuku, na sabuni usiitaje kabisa.

Ndipo akaleta samaki mmoja aitwaye arowana, mrefu kama mkono wa mtu mzima, magamba makubwa, ndevu mbili mdomoni. Siku ya tatu shingo ya Fook Seng ikageuka. Ikaenda na samaki kushoto, ikarudi naye kulia. Kuen alilia pale pale na kijiko mkononi, mpaka uji ukapoa. Hapakuwa na kitu kingine chochote duniani ambacho mumewe alikitazama.

Sasa mwaka mpya wa Kichina ukakaribia, na nani asiyejua usafi wa siku zile? Uchafu wa mwaka wa zamani hauvuki. Mama mkwe alizunguka na kidole chake, juu ya kabati, nyuma ya madhabahu ya mababu, mwisho akafika kwenye chujio. Akauliza kama wao ni watu wa kuingia mwaka na kinyesi ndani ya nyumba. Kuen alikuwa amefua mapazia tisa tangu alfajiri, mgongo hauhisi. Alikumbuka maneno ya Thong, wallahi alikumbuka, lakini hakuwa na nguvu za kubishana. Akazipeleka sponji bombani, akazisugua kwa sabuni mpaka zikawa nyeupe, akazianika pamoja na mapazia. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuen alisikia, na guu likavunjika vilevile.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka, maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki alikuwa amekwama juu pembeni, anafungua mdomo na kuufunga. Kuen akampigia simu Thong, akaungama. Mzee akamwambia atoe theluthi ya maji sasa hivi, ajaze mengine ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, na jioni arudie. Akichelewa, asimpigie tena.

Akachukua mpira na beseni. Mama mkwe akasimama mbele yake, amevaa nguo mpya nyekundu.

"Leo hakuna maji yanayotoka nyumba hii. Ukiyamwaga leo umemwaga baraka ya mwaka mzima."

"Mama, samaki anakufa."

"Afe."

Alilisema taratibu, wala hakuwa na hasira. Samaki wa namna ile hufa badala ya bwana wake, akasema, mtaa mzima unajua. Akifa huondoka na balaa la nyumba. Tangu siku alipoletwa, yeye alikuwa anamngoja afe. "Unadhani nilimkubali humu kwa uzuri wake? Mimi namtaka mwanangu."

Kuen akakaa chini na beseni lake. Hata kukasirika kunataka nguvu.

"Na akifa, kesho Seng akaamka vile vile? Atatazama nini? Nimekaa mbele yake miezi minane, Mama, hanioni. Wewe umemzaa, hakuoni. Akirudi kutazama ukuta, mimi sitaweza tena. Nimechoka."

Bibi akamgeukia mwanawe. Fook Seng alikuwa ameinua shingo kuelekea ile pembe ya tanki. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, sawasawa na wa samaki.

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akavua viatu vyake vipya.

"Lete hilo beseni. Wewe usiguse maji haya. Una miaka mingi ya kuishi na mkosi, mimi nimebakiza michache. Ukija, uje kwangu."

Akayabeba nusu beseni, nusu beseni, mpaka kwenye mtaro wa barabarani, mbele ya majirani waliovaa nguo mpya. Jirani wa ng'ambo akaingia ndani akafunga mlango. Kuen alipotaka kumpokea, bibi akamwambia ashughulike na dawa yake. Kwenye beseni la saba alisimama mlangoni ameshika kiuno. Akaombwa apumzike. Akajibu kwamba akipumzika ataanza kufikiri alichofanya, akarudi kujaza la nane.

Karibu na adhuhuri samaki alishuka, akaanza kuzunguka tena, polepole. Bibi alikuwa kitini, amefumba macho, miguu inachuruzika maji.

"Mwanangu amegeuka?"

"Amegeuka, Mama. Anamfuata."

"Haya." Akafumbua macho. "Basi niombee nisife mwaka huu, watu wasije wakasema ni yale maji."

Kuen akachukua taulo, akapiga magoti, akaanza kumfuta miguu.