Mtoto wa Marehemu Mwaisha

Uongo wangu ulikuwa wa bure, na ndiyo maana unaniuma. Rabab, binti wa Kisudani, alipofika kupanga chumba nyumbani kwangu Mafiga katikati ya mwaka 2023, akikimbia vita Khartoum, viza yake ilikuwa halali na pasipoti imegongwa muhuri. Hakuwa na cha kuficha. Lakini mjumbe wa mtaa alipopita kuandikisha wapangaji, nilimwona binti wa watu amejikunyata mlangoni, Kiswahili chenyewe hajui, nikasema moyoni, huyu hahojiwi na mtu kwenye nyumba yangu. Nikamwambia mjumbe, "Andika: mtoto wa marehemu dada yangu Mwaisha, wa Mgeta." Kwetu Waluguru mtoto wa dada yako ni wako, ukoo mmoja. Akaandika. Kuhusu rangi yake nikasema baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka. Mdomo wangu huu, akili huwa inafika baadaye.

Mwezi uliopita likatoka tangazo la serikali. Waliokimbia vita ambao viza zao zimeisha watapewa kibali kipya bila kurudi kwao, mradi wawe na barua ya mtaa kuonyesha wameishi hapa kama wageni tangu kabla ya tarehe iliyotajwa. Asiye na barua aondoke ndani ya siku thelathini. Rabab, ambaye viza yake ilikwisha zamani, alilisoma kwenye simu, akacheka kwa furaha. "Mama, barua tu!" Mimi sikucheka, maana kwenye daftari la mtaa hakuna mgeni aitwaye Rabab. Yumo Mluguru.

Nilijizungusha wee, nikitafuta pa kuanzia, mpaka zikabaki siku mbili. Ndipo nikaenda kwa mtendaji wetu, Bi Veronika, nikakiri.

"Mama Mwanvita, unajua kumdanganya mwandikishaji ni kosa? Unaweza kushtakiwa."

Nikasema najua, ingawa sikuwa najua. Akaniambia hawezi kubadilisha daftari kwa maneno yangu peke yake, mimi niliyekwisha kudanganya. Nilete ndugu mwingine wa marehemu, athibitishe kwamba Mwaisha hakuacha mtoto.

Ndugu aliyebaki ni kaka yangu Twalibu, mkulima wa kabichi na karoti huko Mgeta. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimpigia simu, nikaona haya kumwambia kwamba nimelitumia jina la marehemu kuidanganya serikali. Nikasema tu, "Kaka, Rabab ana shida na serikali. Njoo kesho ofisi ya mtendaji." Nilijua nitamweleza akifika.

Hakufika mapema. Lori la mboga lilikwama kwenye matope. Mimi na Rabab tulikaa ofisini tangu saa mbili asubuhi, yeye ameikumbatia pasipoti. Saa saba Twalibu akaingia, suruali imejaa tope, na kabla sijafungua mdomo Bi Veronika alikwisha kumwamkia.

"Shikamoo mzee. Huyu binti unamfahamu?"

"Marahaba. Namfahamu."

"Daftari linasema ni mtoto wa marehemu dada yenu Mwaisha. Ni kweli?"

Twalibu akanitazama. Aliona jasho langu, akaona macho ya Rabab, ambaye Idi iliyopita alipanda kwake mlimani akamchumia maharage siku nzima. Nilitaka kutikisa kichwa, shingo ikakataa. Kaka yangu, ambaye hajawahi kudanganya hata bei ya karoti, akanyoosha mgongo.

"Kweli kabisa. Ni mpwa wangu. Nimembeba mgongoni huyu."

Bi Veronika akaweka kalamu chini. "Jana mama kasema Msudani. Leo mzee anasema Mluguru. Sasa kama ni Mluguru, hiyo pasipoti kaitoa wapi? Hili si langu tena, ni la polisi." Akachukua simu yake.

Niliogopa kama sijawahi kuogopa, hata siku ya kuzaa. Niliwaona polisi, nikaiona ndege, nikamwona Rabab anashushwa kule walikobomoa nyumba yao kwa mabomu.

Rabab akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini Kiswahili nilichomfundisha jikoni kilitoka kimenyooka.

"Mzee si mjomba wangu. Anasema uongo. Mama yangu anaitwa Nafisa. Tulimzika uani kwetu Omdurman, ng'ambo ya Khartoum, kwa sababu njia ya makaburini ilikuwa na risasi. Hawa si ndugu zangu. Sina ndugu hapa."

Twalibu akainamisha kichwa. Alikuwa ameelewa, masikini. "Ni kweli, mwanangu," akamwambia mtendaji. "Nimedanganya. Mwaisha hakuacha mtoto."

Bi Veronika akairudisha simu mezani. Alisema barua ataitoa, ila uongo wetu nao atauandika, na siku tukiitwa tuitike. Akanisogezea karatasi. Niandike kwa mkono wangu kwamba nilimsingizia marehemu, na kwamba Rabab hana undugu wowote nami.

Kaka akanishikia karatasi. Rabab alikuwa ananitazama, machozi yanamtiririka, akinong'ona, "Andika, mama. Andika." Nikaandika: Huyu si mtoto wangu. Kisha nikatia saini.