Kesho Iko Mbali

Wakesho alikuwa muuguzi kutoka Taita, akifanya kazi katika zahanati ndogo ya Modogashe, kaskazini mwa Kenya. Mwaka wa kwanza ulimwendea vizuri. Kisha, mwaka 1996, akirudi kutoka likizo, lori alilopanda lilimiminiwa risasi na majambazi kwenye barabara ya Garissa. Utingo aliyeketi karibu naye aliuawa. Wakesho hakupata hata mkwaruzo, lakini tangu siku hiyo moyo wake haukutulia. Upepo ukigonga bati la paa, kifua kilimbana na mikono ikatetemeka hadi akashindwa kushika sindano. Safari za kwenda kuchanja watoto wa wafugaji alimwachia muuguzi mwenzake.

Kilichomuumiza zaidi ni aibu. Alilelewa kanisani, na sasa aliona imani yake ni ya mdomoni tu. Jumapili moja, baada ya ibada ambayo Wakristo wachache wa pale, walimu na polisi, waliifanyia darasani, alimfuata Mwalimu Musembi aliyekuwa akiwaongoza.

"Naomba kila siku hofu hii initoke," alimwambia. "Haitoki. Labda sina imani."

Musembi alikuwa akirudisha madawati mahali pake. "Daudi aliogopa, na akamwambia Mungu hivyo hivyo," alisema. "Wewe unangoja hofu iishe ndipo umtumaini Mungu. Mtumaini ukiwa nayo."

Wakesho hakuridhika. Aliona ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hakuwa ndani ya lori lile.

Wiki hiyo hiyo Rukiyo, jirani yake aliyekuwa akiuza maziwa sokoni, alimleta mkaza mwanawe, Qali, ambaye uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika tangu jana yake. Wakesho akampima. Mtoto alikuwa amelala kikingamo tumboni, kichwa hakikuelekea chini. Asingezaliwa bila upasuaji, na upasuaji ulikuwa Garissa. Msafara wa magari yanayosindikizwa na polisi ulikuwa umeshaondoka, na muuguzi mwenzake alikuwa likizoni. Abdiwali, dereva wa lori la mifugo, alikuwa tayari kuwapeleka bila ulinzi.

"Tungoje msafara wa kesho," Wakesho alisema.

Rukiyo alimtazama. "Daktari, kesho iko mbali."

Wakesho alilijua hilo kuliko yeye. Aliingia chumba cha dawa, akafunga mlango. Safari hii hakuomba hofu imtoke. "Bwana, naogopa kufa," alisema. "Lakini maisha yangu yako mikononi mwako, na ya Qali pia. Nakwenda. Nenda nami."

Alitoka bado akitetemeka, akachukua dripu na kupanda lori.

Nyuma walimtandikia Qali godoro. Barabara ilikuwa ya mashimo, na kila mara lori liliporuka Qali aliuma ncha ya ushungi wake. Walipokaribia mahali lori lile liliposhambuliwa, Wakesho alishika ubao wa ukingo kwa nguvu.

"Ni hapa," alimwambia Rukiyo.

"Najua. Omba. Na mimi naomba."

Rukiyo akaanza dua yake kwa sauti ya chini. Wakesho akaomba kwa Kitaita, lugha aliyofundishwa kuombea na mama yake. Hakuwa amemaliza Qali alipopiga kelele. Sindano ya dripu ilikuwa imechomoka. Wakesho akapiga magoti kando ya godoro, akautafuta mshipa, akaupata. Alipoinua kichwa, walikuwa wameshapapita mahali pale, na hakukumbuka kama mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Waliingia Garissa alasiri. Qali alipasuliwa mara moja. Mtoto, msichana, alitoka amelegea, na wauguzi walihangaika naye kabla hajalia. Rukiyo aliposikia kilio hicho, aliketi sakafuni pale ukumbini na kujifunika uso.

Wakesho alirudi Modogashe na msafara. Hofu haikumtoka yote. Kwa muda mrefu bado kulikuwa na asubuhi ambazo kifua kilimbana. Siku hizo alimwambia Mungu wazi kwamba anaogopa, kisha akaenda kazini. Kabla ya mvua kuanza, alimwomba mwenzake amrudishie safari za chanjo, na gari lilipokuja alipanda, akaketi mbele.