Mtambaa wa Panya Amtetea Zuberi Likokola

Usiku wa kuamkia leo niliota tumo kwenye kikao cha usajili cha timu yetu, Radi ya Mkamba, na dirisha la usajili limekaa kitini pamoja nasi. Ni dirisha la mbao, rangi ya kijani, bawaba zimeshika kutu.

"Jamani, jua likizama nafunga," linasema. "Amueni mapema, bawaba zinaniuma."

Hoja ni moja: Zuberi Likokola, ambaye mkataba wake umeisha, tumsajili tena au tumwache? Zamani makipa wakisikia Zuberi anakuja walikuwa wanavaa sweta mbili. Msimu uliopita hakufunga hata goli moja. Mimi ndiye katibu, nimemaliza chuo juzijuzi, na namtaka. Kocha Chikoti hamtaki. Tusipokubaliana, mchezaji ameachwa.

"Kocha, ni Zuberi huyu!"

"Katibu, huruma ipeleke kwenu. Huku tunataka magoli. Mguu wake siku hizi ni wa kukorogea chai."

Mguu wa kulia wa Zuberi unaingia peke yake, unakoroga chai ya Kocha, unatoka. Kocha anaonja.

"Sukari imekolea," anakiri.

Mara tuko uwanjani, na viti vyetu. Zuberi mzima mzima amesimama karibu na mstari wa pembeni. Mstari wa chokaa unakohoa.

"Kanuni ni kanuni. Mchezaji akitolewa, harudi."

"Harudi uwanjani," nausahihisha.

"Harudi popote. Akinivuka huyu, hata kwake hafiki. Mkewe atapakua wali, utapoa."

Zuberi ananiambia kwa upole, "Mdogo wangu, usigombane na wakubwa kwa ajili yangu. Wakiamua, nitavuka."

Nakimbilia golini kutafuta shahidi. Shahidi ni mtambaa wa panya, ule mti wa juu wa goli. Panya mmoja anapita juu yake, hana haraka.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, kijana. Umekuja kwa habari ya Zuberi? Msimu mzima alikuwa ananipiga mimi. Nina nundu hapa, na hapa."

"Ndiyo maana tunamwacha," Kocha anadakia. Amenifuata na kikombe chake. "Halengi."

"Kocha, Zuberi akikosa shuti la kwanza, huwa unafanya nini?" mtambaa unauliza.

"Namwinua kijana wa benchi aanze kupasha misuli."

"Kila mechi?"

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Basi mimi nakaa huku juu, naona macho ya watu. Shuti la pili anapiga huku anaangalia benchi. Mguu ni mzima, nundu zangu ndizo ushahidi. Macho ndiyo hayapo."

Panya anatikisa kichwa kukubali. Kocha anamalizia chai yake kwa mkupuo.

"Kumbe nilikuwa namtoa kabla sijamtoa," anasema.

"Tumpe msimu mzima, Kocha. Benchi likae chini," nasema.

"Na akikosa?"

"Apige tena."

Anafungua mdomo kujibu, lakini jua limegusa mashamba ya miwa. Dirisha linaanza kujifunga, na upepo wa ubao wake unamsukuma Zuberi nje ya mstari. Mimi na Kocha tunaruka kumshika. Tunamshika, ila sote watatu tuko nje.

"Hamrudi!" mstari unashangilia.

Nawaza mama yangu akiniita chai, na chai ikipoa.

Zuberi hana wasiwasi. "Si tuingie kama siku zote?"

Anaupa mstari mgongo, anaanza kurudi kinyumenyume, kama timu yetu inavyoingia uwanjani kila mechi ili dawa za wapinzani zisitutambue. Kocha naye anageuka. Mimi nashika jezi ya Kocha. Tunanyata kwa ncha za vidole.

"Mnakwenda wapi?" mstari unauliza.

"Tunatoka," nasema. "Huoni nyuso zetu zinatazama nje?"

Unatukagua. "Haya, tokeni salama."

Tunaingia.

"Mmekubaliana?" dirisha linauliza, limebakiza upenyo wa kidole.

"Tumekubaliana," Kocha anawahi kabla yangu. "Msimu mzima."

Linajifunga taratibu, bila kelele. Nacheka huku machozi yananitoka.

Nikaamka kifua chepesi, mpaka nilipokumbuka kwamba kikao cha kweli ni leo asubuhi, na Kocha wa kweli hamtaki Zuberi. Simu ikaita. Alikuwa yeye.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Katibu, wewe umesoma. Chokaa ya uwanjani inatoka kwa maji matupu, au mpaka sabuni?"

"Imekushika wapi?"

"Vidoleni tu. Visigino visafi. Na Zuberi usimpigie, nitampigia mwenyewe."

Nikafunua shuka, nikaitazama miguu yangu.

"Tujaribu sabuni, Kocha," nikasema.