Damu ya Bibi Meli

Fundi cherehani aliacha gauni la bibi harusi mezani, upande mmoja umeshonwa, mwingine umeshikwa na pini, na bibi harusi mwenyewe alimtukana hadi akachoka. Hakujali. Mwanawe wa pekee alikuwa hoi hospitalini, na daktari alisema lazima apandikizwe uboho wa mifupa, na wa mama haumfai, wa baba vilevile. "Tafuta ndugu. Hata wa mbali. Na haraka."

Ndugu! Wa upande wa pili na wa mama yake walikwisha pimwa, hakuna aliyefaa. Na ukoo wa baba yake ungeumaliza kuutaja kwa pumzi moja. Ulianza na Bibi Meli, mama wa babu yake, aliyeshuka bandarini karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, hana mwenyeji, mtoto mchanga wa kike mgongoni. Akaolewa, akazaa mvulana mmoja, na huyo ndiye babu. Fundi alihangaika huku na huko kutafuta Bibi Meli alitoka wapi na aliwaacha akina nani. Jiwe la kaburi lilikuwa na neno moja tu, "Mama". Bandarini walimwonea huruma, wakamwambia hata meli yenyewe hakuna anayeijua.

Ulibaki mlango mmoja, na aliyeufunga ni baba yake mzazi. Ni uzao wa yule mtoto wa mgongoni. Ilipogombaniwa nyumba ya urithi, baba aliapa mbele ya hakimu kwamba yule mtoto hakuwa wa Bibi Meli, aliokotwa melini mama yake alipofariki. Akashinda, na wenzake wakatoka na vyombo vichwani. Maisha yake yote fundi alimtetea baba: mkali ndiyo, mwongo hapana. Sasa alikwenda akiomba kwa sauti, watu wakimpisha njiani: "Ee Mungu, baba yangu awe alikuwa mwongo!"

Alimkuta bibi kizee, binti wa yule mtoto wa mgongoni, mlangoni mwa karakana ya mwanawe, mchomeleaji wa mageti, akichambua mchele.

"Shangazi," akaita. Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake.

"Makubwa! Leo nimekuwa shangazi?"

Fundi akapiga magoti kwenye vumbi la chuma, akaeleza yote. "Baba alidanganya. Nitasema mbele ya hakimu, mbele ya mtaa mzima. Nyumba ichukueni. Mwanao apimwe tu, nakuomba."

Mchomeleaji alikwisha vua miwani ya kazi. "Mama, acha niende."

"Ngoja kwanza."

Nusu ya umri wake bibi kizee aliyasubiri maneno yale. Akausukuma ungo pembeni.

"Baba yako alikuwa na roho mbaya, Mungu amsamehe. Lakini hakudanganya. Mama yangu aliniambia mwenyewe siku anakata roho. Aliokotwa kweli. Nyumba tuliigombania kwa sababu Bibi Meli alimlea, na siku zote alimwita 'mwanangu'. Lakini damu yake sisi hatuna."

"Si kweli."

"Ndiyo hivyo, mwanangu."

"Kwa nini hukunidanganya?" Fundi alipiga kelele, mashine ya jirani ikazimwa. "Ungenyamaza tu, shangazi! Angalau leo ningelala!"

"Ukilala, nani atatafuta kwingine? Mtoto hana siku za kupoteza kwangu."

Kwingine! Fundi akaangua kicheko kibaya, kikageuka kilio, akalia kama mtu aliyekwisha fiwa. Kwingine hakukuwepo. Mchomeleaji alisimama na miwani mkononi, hajui aiweke wapi. "Nitapimwa hivyo hivyo," akasema.

Bibi kizee akashika ukuta, akainuka, akaomba viatu vyake.

"Mjukuu wangu amelazwa wodi gani?"

Fundi akamtajia. Wakaongozana, yeye kamshika bibi kizee mkono, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto augue, hakuwa akitafuta ndugu.