Pushi Kidogo

Mimi Sabra sina subira, na Mikindani nzima inajua. Ndiyo maana nesi Veronika alinikatalia mlangoni. "Bibi, wewe una fujo. Aingie huyu mpole," akasema, akimwonyesha Laurinda, mkwe mwenzangu wa Mahurunga. Chumba cha watoto njiti anaingia bibi mmoja tu, tena awe amenawa mpaka viwikoni. Mama mtu mwenyewe, binti yangu Fauzia, alikuwa wodi ya pili na mshono wa operesheni, hawezi hata kugeuka. Presha ilimpanda, mtoto akatolewa kabla ya miezi yake kutimia.

Basi nikabaki nje, pua kwenye kioo.

Mjukuu wangu alikuwa mdogo, jamani! Ukimlaza kiganjani, kiganja kinabaki. Kila akivuta pumzi kifua kinabonyea, mbavu zote unaziona. Walimwekea vimrija puani, na mwisho wa mpira wa hewa wameutumbukiza kwenye chupa ya maji. Maji yanatoa mapovu, bwabwabwa. Veronika alitueleza asubuhi kwamba hewa ile inazuia mapafu yasinywee, na mapovu yakikoma ujue hewa haimfikii. Tangu hapo sikumtazama mtoto, niliitazama chupa.

Laurinda ni mtu mwema, lakini Kiswahili chake! Kazaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kaja kuolewa huku, na akizungumza anachanganya Kimakonde na Kireno cha kwao mpaka utafute mkalimani. Siku Fauzia alipoolewa na mwanawe Ivo nilimwiga mbele ya watu, wakacheka. Naye akacheka.

Mara mtoto wa kitanda cha pembeni akabadilika rangi. Veronika, peke yake na watoto wote wale, akamrukia. Akasema bila kugeuka, nami nikamsikia kupitia dirisha la juu: "Mama, mwangalie huyo wako! Mrija ukilegea, pushi kidogo!"

Mrija ukalegea. Laurinda akanyoosha vidole vyake taratibu, kwa adabu zote, na badala ya kuusukuma ndani akauvuta.

Mapovu yakakoma.

"We Laurinda!" Nikapiga kioo kwa viganja vyote viwili. "Rudisha! Rudisha!" Akanitazama kwa hofu, kelele za kioo zimemeza maneno, akadhani namhimiza, akavuta tena. Mrija ukatoka wote. Akauinua anionyeshe, kama anayeuliza, ndivyo? Yaa Rabi! Nikaukimbilia mlango, kumbe una komeo kwa ndani. Nikarudi kwenye kioo. Midomo ya mtoto ilikuwa imeshakuwa rangi ya zambarau.

Veronika akaja mbio. Akamfyonza ute puani, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo, akawa anabinya puto lake la mpira, anabinya, anatazama kifua. Kifua kikapanda. Akarudisha vimrija, mapovu yakarudi, lakini mtoto mwenyewe alikuwa amelegea, hatupi hata mguu.

Laurinda akatolewa nje. "Mkwe, nesi kasema pusha," akaniambia. "Kwetu wavuvi wakivuta wavu wanaitana kwa Kireno, pusha, pusha. Pusha si kuvuta?" Akanishika kanga. Nikampokonya. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa.

Adhuhuri mtoto alikata roho, puto bado liko mkononi mwa Veronika. Nikamuuliza, ni ule mrija? Akafuta jasho. "Bibi, alikuwa ameshachoka tangu alfajiri. Labda ndiyo, labda siyo. Sijui." Afadhali angenidanganya.

Tukaenda kwa Fauzia. Nyuso zetu zilimtosha. Alilia mpaka mshono ukamuuma, kisha akauliza, "Nani alikuwa naye?"

Nikamwona Laurinda anafungua mdomo. Nikajua atasema, na kwa Kiswahili chake kile atajimaliza mwenyewe. Na mimi je? Niliona kila kitu, sikuweza kitu.

"Bibi zake," nikawahi. "Sote wawili tulikuwa naye."

"Alilia?"

"Hapana, mwanangu. Hakulia."

Laurinda akautafuta tena upindo wa kanga yangu. Nikamwachia.