Swali Tulilokuwa Tukiliruka

Kwa mujibu wa fomu zetu za bima ya afya, delta nzima ya Rufiji haikuwa na mwanamke mjamzito hata mmoja. Jambo hili lilipaswa kuwashangaza wakubwa, lakini wakubwa walikuwa mbali, tena chini ya feni.

Aliyenifundisha kazi ni Kaka Sunil, mtoto wa duka la vitambaa pale Kibiti na wakala mzoefu. Mimi, Idrisa, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikingoja matokeo kwa unyenyekevu wa mtu anayejua alichokiandika.

"Swali la ujauzito liruke," aliniambia. "Huku mimba haitajwi na mgeni, tena mwanaume. Ukiuliza, wanaona umekuja na husuda. Weka 'hapana', songa mbele."

"Na muda wa kungoja?" Kadi yetu ilikuwa hailipii uzazi mpaka miezi kumi ipite tangu mtu ajiandikishe.

"Kuna aliyekuuliza?"

"Hapana."

"Basi."

Kijiji cha Kiongoroni tulifika mchana, tope la mikoko limetupanda hadi magotini, kiatu changu kimoja kimebaki humo kuiwakilisha kampuni. Kila nyumba ilitukataa kwa adabu. Nilichoka hadi nikaanza kukubaliana nao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mwanamkuu. Alitukaribisha mkekani. Mkwewe, Mwamini, alikaa nyuma ya mlango, kanga mbili zimemzunguka, na hata ya tatu isingeficha kitu.

"Hiyo kadi hospitali ya Kibiti wanaipokea?" aliuliza Mwamini.

"Wanaipokea, dada," alisema Sunil.

"Hata mtu akipasuliwa?"

"Hata akipasuliwa."

Mwamini akachungulia mlangoni. "Mwaka juzi nilicheleweshwa hapa, nikabaki mikono mitupu. Safari hii mume wangu ameniachia hela nikakae kwa dada yangu Kibiti mapema. Lakini kama kadi ipo, si bora nilipie kadi, ningoje hapa hapa nyumbani? Hela haitoshi vyote viwili."

Sunil alikwisha toa simu kumwandikisha. Nilimtazama, akanitazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mtu aliyekwisha fungua mdomo.

"Dada Mwamini," nikasema, "una mimba ya miezi mingapi?"

Hata kuku waliacha kudonoa.

"We mtoto!" Bi Mwanamkuu alisimama. "Umelelewa wapi?"

"Bwenini, bibi."

"Inaonekana!"

"Naomba radhi, bibi. Lakini kadi hii haitalipia uzazi huu. Ikianza kulipia, mtoto atakuwa anatambaa. Dada akibaki hapa kwa kuitegemea, atakuwa hana kadi ya kumfaa wala hela ya boti."

"Tokeni! Tokeni na macho yenu!"

Tukatoka. Tulikaa juu ya gogo kungoja maji yajae boti iondoke. Jua lilikuwa kali, maji ya kunywa yamekwisha, na Sunil alikuwa hana haraka ya kunisamehe.

"Mwaka mzima nimejenga jina kijiji hiki," alisema hatimaye. "Wewe umelibomoa kwa swali moja. Huko bwenini mlikuwa mnafundishwa kwa nyundo?"

Nilichoka hata kujitetea, hali ambayo walimu wangu hawajapata kuishuhudia.

Boti ilipoanza kuelea, tuliwaona wanakuja: Mwamini na furushi kichwani, Bi Mwanamkuu nyuma yake na ndoo yenye mfuniko, bado anagomba.

"Hii inakwenda Nyamisati, kwenye magari ya Kibiti?" aliuliza Mwamini.

"Inakwenda, dada," alisema Sunil.

Bi Mwanamkuu akamkabidhi Sunil ndoo bila kumwangalia, kisha akanigeukia. "Wewe usiye na haya, mshike mkono asiteleze. Na tumboni usimtazame!"

Nikamshika mkono Mwamini, nikaitazama mikoko kwa heshima zote.

Hatukuandikisha nyumba hata moja siku ile. Boti ilipoingia mtoni, Mwamini aliegemeza kichwa kwenye mfuko wetu wa vipeperushi, akalala. Sunil aliutazama mfuko, akamtazama aliyelala, akavua koti lake la kampuni na kumkinga jua.

"Kesho kijiji cha Mbuchi," aliniambia, amefumba macho. "Na utauliza wewe."